Simu ya Thamani na Haya ya Mwenye Nayo

Tumeletewa suali na ndugu yetu mmoja, mtu wa Mombasa, ambaye kwa miaka kadhaa sasa ana duka lake Kapsoit. Kwa wasomaji wetu wasiopajua, Kapsoit ni mji mdogo ulio kandokando ya njia kuu itokayo Kericho kwenda Kisumu, katika nchi ya Wakipsigis, nchi ya baridi na mvua ya mawe, yenye vilima vilivyovikwa chai kama vilivyotandikwa zulia. Chai ya nchi hiyo ikisha kukaushwa viwandani huteremshwa mjini kwetu ikauzwa mnadani. Basi sisi watu wa pwani twaijua kwa ladha yake na twaijua kwa bei yake, wala hatuwajui waichumao.

Ndugu huyu amenunua simu ya daraja ya juu kabisa, katika zile ambazo bei yake huku kwetu hukaribia shilingi 200,000. Asema hakuikopa, bali ameinunua kwa faida yake baada ya kutoa zaka, wala hakumdhulumu mtu. Akaitumia kwa furaha. Kisha siku moja simu ilikuwa juu ya meza ya duka, akaingia mama mmoja mchumaji wa chai kutaka unga kwa mkopo. Naye, kabla hata hajafikiri, mkono wake ukaigeuza simu kifudifudi ukaifunika kwa daftari ya madeni. Tangu siku hiyo hana raha. Atuuliza: ikiwa kitu ni halali, haya imetoka wapi? Na ikiwa haya ni katika matawi ya imani, je, haya yake ndiyo iliyomhukumu?

Tumelisoma suali hili katika darasa yetu, tukaona ni zito kuliko simu, na kwamba katika sisi tulio pwani wako wengi wanaolihitaji jawabu lake wala hawajawahi kuuliza.

Na tuanze kwa lisilo na shaka. Asili ya vitu vya dunia ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza. Hii ni kanuni aijuayo kila aliyekaa mbele ya mwalimu akasoma misingi ya fikihi. Ilipokuja santuri, kisha redio, kisha kipaza sauti msikitini, kila mara walisimama watu wakaharimisha kwa sababu tu kitu ni kigeni, na kila mara watoto wao wakakitumia. Sheikh Muhammad Rashid Ridha, mwenye jarida la Al-Manar la Misri, aliletewa maswali mengi ya namna hii, na njia yake ilikuwa kutazama chombo chatumiwa kwa nini, si kutazama kimetoka nchi gani. Na marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyewatolea watu wa Mombasa karatasi yake ya Sahifa mwaka 1930 kisha Al-Islah mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu wachukue katika ilimu za kisasa lenye manufaa na waache kuiga kwa upofu. Basi asitutazamie mtu kusema kwamba simu ni haramu.

Bali twasema ni neema. Mwaka 2007 yalitokea mambo mawili yaliyotugeuzia maisha: mwezi wa Januari, Steve Jobs aliwaonyesha watu wa Marekani simu ya kampuni yake ya Apple, isiyo na vitufe, yenye kioo cha kuguswa kwa kidole, na mwezi wa Machi, hapa Kenya, Safaricom wakafungua M-Pesa. La kwanza lilikuwa la matajiri na la pili lilikuwa la kila mtu. Leo yote mawili yamekutana katika mfuko wa kanzu moja.

Ndugu yetu atueleza anavyoitumia, nasi twaona hakuna katika hayo la kulaumiwa. Alfajiri humwamsha, naye yuko katika mtaa ambao adhana haifiki masikioni mwake. Humwonyesha kibla, na hili si dogo: sisi wa Mombasa Makka iko kaskazini yetu sawasawa, na mtu wa Mombasa akienda Kericho akasimama vivyo hivyo kwa mazoea huwa amepotoka kidogo, kwani kule kibla huelekea mashariki kidogo ya kaskazini. Humtazama mama yake uso kwa uso kila jioni, yeye yuko katika ukungu wa Kapsoit na mama yuko kibarazani Mombasa, na kuunga udugu ni faradhi tunayoijua sote. Ndani yake amehifadhi tafsiri na vitabu vya Hadithi ambavyo zamani mwanachuoni angehitaji punda wawili kuvibeba. Hupokea fedha za wateja, huagiza sukari Kisumu, hupiga picha stakabadhi zake zisipotee.

Lakini ndugu msomaji, hapa lazima tusimame. Katika haya yote hapana hata moja lisilowezekana kwa simu ya shilingi 20,000. M-Pesa haitaki hata hiyo: yafanya kazi katika simu ya tochi ambayo vijana wameipa jina la mulika mwizi. Kwa hivyo anayezihisabu faida hizi ili kuitetea simu ya 200,000 amehisabu faida za simu nyingine. La kuuliza ni hili: zile shilingi 180,000 za juu zimenunua nini?

Ndugu yetu, na twamsifu kwa ukweli wake, amelijibu suali hili mwenyewe. Asema zimenunua kioo kinachong'aa hata juani, na picha zinazotoka vizuri hata usiku, na ulaini wa kwenda bila kukwama, na simu kumfungukia kwa kuuona uso wake tu. Zimenunua pia kule kutazamwa na watu anapoitoa mfukoni. Kisha akaongeza neno ambalo lingetosha kuwa barua nzima: kwamba mwezi wa kwanza aliyaona hayo yote kila siku, na mwezi wa tatu hakuyaona tena, ikabaki khofu tu ya kuiangusha.

Hivi ndivyo nafsi ilivyoumbwa. Raha mpya huonekana, raha ya kudumu haionekani. Mwenye paa haoni paa lake mpaka livuje. Wenye kuuza simu walijua hili kabla yetu, ndiyo maana kila mwaka hutoa nyingine, ili mtu anunue tena ule mwezi wa kwanza. Na hapa ndipo tunapoona hatari ya israfu, kuliko tunavyoiona katika bei yenyewe.

Kwani israfu ni nini? Wako wanaodhani israfu ni kutoa fedha nyingi, na huo ni upungufu wa fahamu. Wanavyuoni, na khasa Imamu Shatibi, wamezipanga haja za watu katika daraja tatu: ya dharura, ambayo bila hiyo maisha huharibika, ya haja, ambayo bila hiyo huwa mazito, na ya kupendezesha, ambayo bila hiyo hayapungukiwi ila uzuri. Daraja ya tatu si haramu. Dini yetu haikuja kuwafanya watu wawe wabaya wa kutazama. Mtume (s.a.w.) alipotaja kiburi, mtu mmoja akaogopa, akauliza juu ya anayependa nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri, naye akamtuliza kwamba kiburi si hicho, kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu.

Na daraja hizi hazikai mahali pamoja. Tazama chai yenyewe. Wazee wa wazee wetu waliishi pasina chai, na ilipokuja ilikuwa kitu cha mgeni na cha karamu. Leo ukimwambia mtu wa Mombasa afungue kinywa asubuhi pasina chai atakuona umemdhulumu. Kilichokuwa pambo kimekuwa haja. Hatuwezi basi kusema kwa yakini kwamba kioo king'aacho leo ni pambo kitabaki kuwa pambo. Huenda mwanafunzi wa kesho asisome ila kwacho. Tunalosema ni kwamba mtu aijue daraja ya kitu chake siku anapokinunua, asiliite pambo dharura. Kujidanganya huko ndiko mwanzo wa israfu, kwani dharura haina mpaka, na mtu akisha kuiita simu yake ya kila mwaka dharura hana tena pa kusimama.

Sasa na tufanye hisabu ambayo ndugu yetu aliogopa kuifanya. Mchumaji wa chai hulipwa kwa kilo ya majani mabichi, machipukizi mateke ya majani mawili na kidole. Tuseme, kwa mfano tu, alipwa shilingi 10 kwa kilo, na kwa siku achuma kilo 40. Hizo ni shilingi 400. Ili zifike 200,000 lazima achume siku 500, na kwa siku 26 za kazi katika mwezi ni miezi 19 na zaidi, pasina kula wala kulipa karo. Mkono wa ndugu yetu uliijua hisabu hii kabla ya akili yake, ndiyo maana uliigeuza simu.

Atasema mtu: mkiipima kila raha kwa ujira wa maskini, hakitabaki kitu cha halali, gari, nyumba ya ghorofa, hata mkeka wa Kipemba utakuwa dhambi. Kweli kabisa, nasi hatukipimi kitu kwa kipimo hicho. Na twataka kuwakumbusha ndugu zetu wa pwani watakaomcheka mtu wa Kapsoit, kwamba miongoni mwetu wako waliotumia zaidi ya hizo laki mbili kwa mapambo ya ukumbi wa arusi moja, maua yakatupwa asubuhi, na baba wa bibi arusi akabaki na deni miaka mitatu. Simu angalau humwamsha mtu kwa sala ya Alfajiri.

Jambo la kuangaliwa ni haki iliyo baina ya mwenye nacho na aliye mbele yake. Abu Dharri (r.a.) aliusiwa na Mtume (s.a.w.) kwamba apikapo mchuzi azidishe maji awakumbuke jirani zake. Tazameni usia huu ulivyo. Hakuambiwa asipike, wala hakuambiwa auze nyama. Aliambiwa azidishe maji. Hukumu ilikuja juu ya kile chungu kinavyowafikia walio karibu nacho, na chungu chenyewe kikabaki jikoni.

Basi turejee kwenye haya. Haya ya mtu kuficha kitu chake yaweza kuwa moja katika tatu, nazo zafanana kwa nje kama ndugu, wala hazina baba mmoja.

Yaweza kuwa khofu: kuogopa wizi, au kuogopa jicho, au kuogopa wateja waseme huyu ni tajiri wasilipe madeni yao. Hii si haya, ni hadhari ya mfanyabiashara, na hukumu yake ni nyepesi.

Yaweza kuwa huruma na adabu. Mtu ana sahani ya pilau, akapita mwenye njaa, akaona vibaya kuila mbele yake. Qaruni, kama tusomavyo katika Suratul Qasas, aliwatokea watu wake katika mapambo yake mpaka wenye kuitaka dunia wakatamani wangekuwa yeye. Mwenye kufunika pambo lake mbele ya asiye nacho amefanya kinyume cha Qaruni, na katika hilo ana ujira inshallah. Mkono uliofunika simu kwa nia hii ni mkono mwema kuliko ulimi wa wengi.

Na yaweza kuwa ile ya tatu, ambayo Mtume (s.a.w.) ameitaja alipoulizwa juu ya wema na dhambi, katika Hadithi ya Nawwas bin Sam'an tunayoisoma katika Arubaini za Imamu Nawawi: kitu kisichotulia moyoni, na mwenyewe akachukia watu wasije wakakijua. Lakini wanavyuoni wametahadharisha kwamba alama hii si ya kila moyo wala ya kila jambo. Moyo wenye wasiwasi huona dhambi hata katika maji ya udhu, na moyo uliokufa hauoni dhambi hata katika riba. Tena kitu ambacho sheria imekihalalisha hakigeuki haramu kwa kuonewa haya. Basi ikiwa moyo wa mtu mzima wa dini umechomwa, na kitu mkononi mwake ni halali, aangalie pembeni ya kitu hicho: mara nyingi dhambi haiko katika kilichofichwa, iko karibu nacho.

Hapa twataka kumwambia ndugu yetu neno moja, nasi twamwambia kwa mapenzi. Barua yake ina kurasa nne. Ametueleza rangi ya simu, na mahali ilipokuwa mezani, na daftari iliyoifunika, na kwamba siku hiyo mvua ilikuwa ikinyesha. Tumeisoma barua mara tatu, mmoja wetu akisoma na wengine wakisikiliza, wala hatukuona mahali aliposema kama yule mama alipewa unga au hakupewa.

Hatumshtaki. Huenda alimpa, akaona si jambo la kutajwa, na sadaka iliyofichwa ni bora. Na huenda hakumpa kwa udhuru: daftari imejaa, na duka si baitulmali, mwenye duka asiyejua kukataa hufunga milango yake, na maskini wakakosa hata pa kukopa. Yote haya twayajua. Lakini ikiwa hakumpa, na mkono uliomnyima unga ndio uliofunika simu, basi haya haikutoka katika simu hata kidogo. Simu ilikuwa shahidi tu. Mtu aweza kuuza simu hiyo kesho, akanunua mulika mwizi, akajiona amekuwa zahidi, na yule mama akabaki vile vile na watoto wake. Kujinyima kusikomfikia mtu ni kufunga chungu pasina kumpa jirani mchuzi.

Liko jambo la pili katika barua, amelitaja kwa mstari mmoja, nasi twaliona ni kubwa kuliko alivyoliona yeye. Asema simu humhisabia saa alizoitazama, na wiki moja ilimwambia saa tano kwa siku. Kuhisabu huku kumo ndani ya simu hizi tangu mwaka 2018, Apple na Google walipokutia wao wenyewe, wakijua walichokiunda. Masheikh zetu walitufundisha kumuhasibu nafsi usiku kabla ya kulala, na Imamu Ghazali ameweka kitabu kizima cha jambo hilo katika Ihyaa. Hatukudhani kwamba siku moja mtu atahasibiwa na kitu chake mwenyewe, kikampa na hisabu kwa rangi. Saa tano kwa siku ni saa 35 kwa wiki. Mchumaji wa chai huchuma kikapu juu ya kikapu katika saa hizo. Ndugu yetu alichuma nini?

Alichuma, katika mengine, zile khabari ambazo sote twazipokea: huyu kaoa, yule kaanguka, na tuma ujumbe huu kwa watu kumi utapata kheri kabla ya Ijumaa. Katika hizo za kutumiana iko moja ambayo wazee wataikumbuka, wasia wa Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume, aliyedaiwa kuota ndoto kwamba Kiyama kimekaribia. Wasia huo ulizungushwa katika miji ya pwani iliyokuwa chini ya Wajarumani mwaka 1908, ukinakiliwa kwa mkono, ukatia watu khofu hata serikali ikashughulika. Leo wafika kwa simu ya shilingi laki mbili, kwa nukta moja, na watu wanautuma vile vile bila kuuliza nani ameupokea kutoka kwa nani. Chombo kimekwenda mbele miaka mia na zaidi, na khurafa imepanda juu yake kama abiria asiyelipa nauli.

Bibi Aisha (r.a.) ametusimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliwahi kusali akiwa amejifunika nguo yenye nakshi aliyopewa zawadi na Abu Jahmi. Akaitupia nakshi ile jicho moja. Alipomaliza sala aliamuru nguo irejeshwe kwa mwenyewe, akamwomba badala yake nguo yake nyingine isiyo na nakshi. Wanavyuoni wamesema aliomba ile ya pili ili moyo wa mtoaji usivunjike kwa kurejeshewa zawadi. Nguo ile haikuharimishwa, wala haikuchomwa, wala Abu Jahmi hakuambiwa asiivae. Ilitolewa mahali ambapo ilichukua kisicho chake. Nakshi ya Abu Jahmi ilikuwa imelala kimya juu ya kitambaa. Ya leo hutetemeka mfukoni mtu yuko katika sijda. Basi kipimo cha simu ya thamani ni hiki kabla ya bei: yaweza kuachwa nyumbani mtu akienda msikitini, au haiwezi? Ikiwa haiwezi, mwenye mali amekuwa mali.

Mmoja katika darasa yetu alitaka tuandike pia juu ya madini, nasi twaligusa kwa ufupi. Ndani ya betri za simu mna kobalti, na zaidi ya thuluthi mbili za kobalti ya dunia yatoka Kongo, khasa upande wa Kolwezi. Watoto wamekutwa wakiichimba na kuibeba, na shirika la Amnesty International liliandika khabari zao mwaka 2016. Mna pia madini yatokayo katika koltani, inayochimbwa kwa mikono Rubaya katika Kivu ya Kaskazini, na mji huo ulishikwa na waasi wa M23 mwezi wa Aprili 2024. Wachimbaji hawa ni wasemaji wa lugha yetu. Lakini hoja hii haimhusu mwenye simu ghali peke yake, kwani simu ya bei nafuu nayo ina betri. Yamhusu zaidi anayebadilisha kila mwaka, awe amenunua ghali au rahisi. Mwenye kuitunza moja miaka sita ana udhuru mzuri kuliko mwenye kununua sita.

Na kamera je? Sharia imekataza kupeleleza aibu za watu, na kioo kizuri kimewafanya wengi majasusi wa arusi na wa misiba. Wanawake wetu wapigwa picha bila ridhaa zao, na maiti vivyo hivyo. Hilo ni haramu kwa simu ya bei yoyote. Lakini kutoa ushahidi wa dhulma si kupeleleza. Mwaka 2023 shirika la BBC lilionyesha, kwa kamera zilizofichwa, jinsi wanawake walivyotakiwa miili yao ili wapewe kazi katika mashamba ya chai ya Kericho, na dhulma iliyokuwa ikinong'onwa miaka mingi ikaonekana na dunia nzima. Twataja hili kwa sababu ndugu yetu yuko katika nchi hiyo hiyo, na wanaoingia dukani mwake ni wanawake hao.

Wako pia vijana walioona simu kama hiyo wakaitaka kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo kila siku. Kuuza kwa bei ya muda iliyo juu kuliko ya taslimu kwajuzu kwa wanavyuoni wengi, bei ikiwa imekatwa mwanzo isibadilike. Lakini ikiwa mwenye kuchelewa huongezewa, hiyo ni riba, hata ikipewa jina tamu.

Basi jawabu letu kwa ndugu wa Kapsoit ni kwamba simu yake ni halali, na asiiuze kwa sababu ya haya. Akiiuza hasara itakuwa yake na faida ya mnunuzi, na suali litabaki. Akae nayo mpaka ichakae. Aiache nyumbani akienda kusali Ijumaa Kericho. Na siku mama yule akirudi, aiweke popote apendapo, lakini kwanza ampimie unga.

Ameuliza pia, chini ya barua, kama simu hiyo ina zaka. Haina, kwani ni kitu cha matumizi yake. Lakini simu ndogo alizonazo kabatini za kuuza ni mali ya biashara, nazo huhisabiwa kwa bei ya siku ya kutimia mwaka, pamoja na unga, sukari na sabuni, na madeni ya daftari ambayo wenyewe waweza kuyalipa. Ama deni la asiyeweza kulipa, halimlazimu kulitolea zaka mpaka alipokee, na mwenye shida apewe muda. Wala asilifute deni la maskini akalihisabu kuwa ndiyo zaka yake. Katika madhhebu yetu ya Shafii hilo halitoshi, lazima mali iingie mkononi mwa mwenye haki. Tena zaka ina wenyewe, nao ni Waislamu. Mama huyo, ikiwa si Mwislamu, yuko katika mlango wa sadaka na haki ya jirani, nao ni mlango usio na nisabu wala kutimia mwaka.